Maswali ya Wasomaji: Nukta za kwanta, kutoka chupa ya maabara hadi kioo cha televisheni

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu kitu kimoja ambacho wengine wanakiita chembe za nano, wengine nukta za kwanta, na fundi mmoja amekiita "ile karatasi ya rangi ndani ya TV". Wote wanazungumzia nusukipitishi, yaani kitu kama silikoni kisichopitisha umeme kwa ukarimu wa shaba wala kuuzuia kama kioo, kikiwa katika vipande vya nanomita 2 hadi 10. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika udogo huo elektroni hubanwa, na kadiri kipande kinavyopungua ndivyo mwanga wake unavyosogea kutoka nyekundu kuelekea buluu. Tunaanza na fundi kwa sababu mteja wake anasubiri.

Swali (fundi wa televisheni, Mwanza): Nililetewa QLED ya inchi 55, sauti ipo, picha hakuna. Taa za nyuma zilikuwa zimeungua. Nikafunga tepe za LED nyeupe zenye urefu na volti zilezile. Picha imerudi, lakini nyeupe imekuwa njano na sura za watu kama zimepakwa bizari. Nimebadilisha bodi, hali ni ileile. Mteja amegoma kulipa.

Jibu: Bodi haina kosa, rudisha ya awali. Tatizo ni tepe ulizofunga. Televisheni ya kawaida ya LCD ina LED nyeupe nyuma, na weupe huo hutokana na LED ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano. QLED nyingi hazina unga huo. LED zake ni buluu tupu, yenye urefu wa wimbi la nanomita 450 hivi, na juu yake, kati ya karatasi za kusambaza mwanga, imelazwa filamu yenye nukta za kwanta za kijani na nyekundu. Filamu humeza sehemu ya buluu na kuitoa ikiwa kijani na nyekundu, buluu inayobaki inapita, na zote tatu zikikutana unaona nyeupe. Wewe umeweka taa ambazo zimeshageuza buluu yao kuwa manjano, kisha hiyo buluu kidogo iliyosalia inapita kwenye filamu na kukatwa tena. Njano haikwepeki.

Usijaribu kuitibu kwenye menyu ya rangi. Menyu haiwezi kuongeza buluu isiyokuwepo; inachoweza ni kupunguza kijani na nyekundu, na picha itafifia. Agiza tepe za buluu za modeli hiyohiyo. Siku nyingine, kabla ya kuagiza, bandua kikombe kimoja cha lenzi kwenye tepe iliyoungua utazame LED yenyewe: yenye uso wa njano kama kiini cha yai ni nyeupe, isiyo na njano ni ya buluu. Ni kazi ya dakika moja.

Filamu yenyewe ishike kwa glovu, usiikunje, usiifute kwa spiriti, na usiikate hata ukingo. Nukta zimefungwa kati ya plastiki mbili za kuzuia oksijeni na unyevu, na mlango pekee uliobaki ni ukingoni. Filamu ikizeeka utaona mstari wa buluu wa milimita chache kuzunguka picha: hapo nukta za pembeni zimekufa na buluu inapita bila kugeuzwa. Na ukisahau kuirudisha kabisa, picha yote itakuwa buluu. Usichanganye hilo na ugonjwa wa televisheni za kawaida za bei rahisi zinazogeuka buluu au zambarau zenyewe. Huko ni ule unga wa manjano ulioungua au kubanduka juu ya LED.

Swali (msomaji, Mombasa): Dukani kila televisheni sasa imeandikwa QLED. Nitajuaje ya kweli? Na nasikia ndani kuna kadimiamu, je, ni sumu kwa watoto?

Jibu: Kwanza jina. QLED kama inavyouzwa ni LCD yenye filamu tuliyoieleza hapo juu. Nukta zake haziwashwi kwa umeme, zinawashwa kwa mwanga wa buluu. Samsung walianza kuuza kwa jina hilo mwaka 2017, na wengine wakafuata, baadhi wakiwa na filamu na baadhi wakiwa na jina tu.

Chukua DVD ya zamani na flashi yenye picha moja: nyeusi tupu, yenye mstari mwembamba mweupe uliosimama katikati. Mwombe muuzaji aifungue. Simama kama mita 2, shika DVD karibu na jicho na uigeuzegeuze mpaka mstari ule uonekane umetawanyika rangi. Kwenye televisheni yenye nukta utaona buluu, kisha ufifio, kijani chembamba, ufifio tena, halafu nyekundu, kama tepe tatu zilizoachana. Kwenye ya kawaida kijani kinateleza kwenda njano na machungwa hadi nyekundu bila kukatika. CD nayo inafaa lakini hutawanya kidogo, kwa sababu njia zake ziko mikromita 1.6 kutoka moja hadi nyingine, wakati za DVD ziko mikromita 0.74. Kuna mtego mmoja: baadhi ya televisheni hutumia unga wa floraidi wenye manganizi, ambao hutoa nyekundu ya mistari mikali sana karibu na nanomita 631. Hiyo ni televisheni nzuri, rangi zake ni safi, ila si nukta za kwanta.

Kuhusu kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu: zamani ilitumika. Umoja wa Ulaya unaruhusu kadimiamu isizidi asilimia 0.01 ya uzito wa kila malighafi moja iliyomo ndani ya kifaa, mara kumi chini ya kiwango cha metali ya risasi, na hilo liliwasukuma watengenezaji kuhamia indiamu fosfaidi, nusukipitishi isiyo na kadimiamu. Gharama yake ni kwamba mwanga wa indiamu fosfaidi huenea upana wa nanomita 35 hadi 40, wakati kadimiamu selenaidi, ile ya zamani, inashuka chini ya 30, kwa hiyo rangi zinapoteza usafi kidogo. Televisheni ikiwa nzima sebuleni haimdhuru mtoto. Filamu ikitolewa jalalani na kuchomwa, hapo ndipo kuna hatari.

Swali (mwanafunzi wa shahada ya pili, Nairobi): Natengeneza chembe za zinki oksaidi kwa ajili ya tabaka la kupitisha elektroni kwenye seli ya jua. Maelekezo yanataka methanoli ya nyuzi 60 hadi 65. Yangu inachemka kwa fujo na kipimajoto kimegoma kwenye 60, hata nikiongeza moto. Mwishoni napata uji mweupe usioyeyuka tena.

Jibu: Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni mwinuko. Methanoli huchemka nyuzi 64.7 usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi zaidi, na methanoli inachemka kwenye 59 au 60. Kuongeza moto hakupandishi joto, kunafukuza methanoli tu, na myeyusho unazidi kuwa mzito kila dakika. Weka kondensa ya maji baridi juu ya chupa, rekebisha beseni la maji ili kioevu kitulie kwenye 57 au 58, kisha uvumilie muda mrefu kidogo. Maelekezo mengi yameandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, na mwandishi hakufikiri kuna haja ya kusema hivyo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Zinki asetati yenye maji mawili, gramu 2.95, ndani ya mililita 125 za methanoli, ukikoroga kwa sumaku hadi iyeyuke. Pembeni, potasiamu haidroksaidi gramu 1.48 ndani ya mililita 65 za methanoli. Zinki ikishafikia joto, dondoshea potasiamu tone kwa tone kwa dakika 10 hadi 15. Kitatokea kitu kinachowatisha wengi: myeyusho unaweka utando mweupe, kisha unarudi kuwa angavu kama maji. Usisimamishe. Utando ule ni haidroksaidi ya zinki inayojiyeyusha upya. Baada ya takriban saa 2 ukungu unarudi taratibu, na safari hii ni chembe za zinki oksaidi za nanomita 5 hivi zinazoanza kutua. Endelea saa 1 na nusu, zima moto na sumaku, acha zitue saa 2. Mwaga maji ya juu, osha mashapo mara mbili kwa mililita 20 za methanoli ili potasiamu asetati iondoke, kila mara ukiacha yatue na kumwaga. Yakiwa bado mabichi, ongeza mililita 70 za klorofomu na 5 za methanoli. Yatayeyuka na kuwa kioevu angavu. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, hifadhi kwenye friji, itumie ndani ya wiki chache, maana chembe kubwa huendelea kula ndogo hata zikiwa zimekaa.

Sasa uji wako. Kuna sababu tatu, na tunaiweka mbele ile ambayo watu huisahau. Vidonge vya potasiamu haidroksaidi havijawahi kuwa asilimia 100. Kopo jipya lina asilimia 85 hadi 87, iliyobaki ni maji, na zile gramu 1.48 zimepigiwa hesabu hiyo: zinatoa milimoli 23 kwa milimoli 13.4 za zinki, uwiano wa 1.7. Kopo lililokaa wazi miezi kadhaa, hasa Pwani, hunywa unyevu na hewa ya kaboni hadi asilimia 75 au chini. Uwiano unashuka hadi 1.5, na badala ya oksaidi unapata asetati ya zinki yenye haidroksaidi, vipande bapa kama magamba ya samaki, vyeupe, visivyorudi kwenye kiyeyushi chochote. Pima kopo lako kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M kabla ya kulilaumu zoezi. Ukizidisha potasiamu nako, uwiano ukapita 2, chembe hukua ovyo.

Sababu ya pili ni kukausha. Mashapo yakikauka, chembe hugusana uso kwa uso na kushikana. Hakuna klorofomu itakayoziachanisha. Mwaga methanoli ya mwisho uache mashapo yakiwa na unyevu. Ya tatu ni kuosha kupita kiasi. Asetati chache zilizobaki usoni mwa chembe ndizo zinazoziweka mbalimbali. Mara mbili inatosha.

Methanoli hupofusha ikinywewa au ikivutwa kwa wingi, na moto wake mchana hauonekani. Fanya kazi chini ya kabati la kufyonza mvuke, tumia beseni la maji, usitumie jiko lenye waya mwekundu.

Swali (mwalimu wa kemia, Morogoro): Tulitengeneza zinki oksaidi kama hiyo. Tulitarajia ing'ae kijani-njano gizani. Tumemulika kwa tochi ya kukagulia noti, hakuna kitu, ingawa shati jeupe linang'aa vizuri.

Jibu: Angalia maandishi shingoni mwa tochi. Nyingi za bei ya chini ni nanomita 395. Gawa 1240 kwa urefu wa wimbi upate nishati kwa elektronivolti: 1240 kwa 395 ni 3.14. Zinki oksaidi ya kawaida inahitaji 3.3 hivi ili imeze mwanga, na chembe za nanomita 4 au 5 zinahitaji zaidi, karibu 3.5. Mwanga wa tochi yako unazipita chembe kama upepo kwenye nyavu. Shati linang'aa kwa sababu dawa ya weupe iliyomo kwenye sabuni ya unga humeza hadi karibu nanomita 400, kwa hiyo shati si kipimo.

Tochi ya nanomita 365 inatoa 3.40, nayo iko mpakani: chembe zilizokomaa zitang'aa kwa unyonge, changa hazitang'aa. Taa ndogo ya maabara ya nanomita 254 inatosha na kubaki. Lakini hapo pia kuna vizingiti viwili. Kioo cha chupa huzuia 254, hivyo mulika kutoka mdomoni mwa chupa au dondoshea tone kwenye karatasi ya kuchujia. Na usidondoshee kwenye bamba la kromatografia lenye alama F254, maana bamba lenyewe hung'aa kijani na utashangilia bure. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno, wanafunzi wasitazame taa.

Ule mng'ao wa kijani-njano hautoki kwenye pengo la nishati, yaani kile kiwango cha chini cha kumeza mwanga tulichokitaja, unatoka kwenye kasoro za usoni na ndani ya chembe. Ukichoma unga hadi nyuzi 400 au zaidi, usishangae ukipungua.

Swali (mhadhiri, Kampala): Tunaandaa zoezi la kadimiamu selenaidi kwa mwaka wa tatu. Jaribio la kwanza, sampuli zote zilitoka machungwa tangu mwanzo. La pili, rangi zilipishana vizuri lakini mng'ao ulikuwa mpana na mchafu. Tufanye nini?

Jibu: Njia ya kudunga kioevu baridi ndani ya cha moto ilitangazwa mwaka 1993 na kundi la Moungi Bawendi katika chuo cha MIT, Marekani, na ndiyo iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 2023 pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov. Awali ilitumia dimethili ya kadimiamu, kimiminika kinachoweza kuwaka kikigusa hewa. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba kadimiamu oksaidi ya kawaida inatosha, na hapo ndipo zoezi lilipoweza kuingia kwenye maabara za wanafunzi.

Vipimo vinavyotumika sana madarasani: seleniamu miligramu 30, mililita 5 za oktadesini na mililita 0.4 za trioktilifosfini, pasha kidogo ukikoroga mpaka hakuna punje hata moja. Kwenye chupa duara ya mililita 25, kadimiamu oksaidi miligramu 13, asidi oleiki mililita 0.6, oktadesini mililita 10. Pasha. Kioevu cha kahawia-nyekundu kitageuka angavu kabisa. Kikifika nyuzi 225, dunga mililita 1 ya seleniamu kwa mara moja na uwashe saa. Chota kama mililita 1 kwa bomba refu la kioo kila rangi inapobadilika, uweke kwenye vichupa vilivyopoa. Ndani ya dakika 3 utakuwa na sampuli kumi, kutoka njano-kijani iliyopauka hadi nyekundu-machungwa.

Machungwa tangu mwanzo maana yake mmechelewa au kumekuwa na moto kuliko mnavyodhani. Sampuli mbili za kwanza huchotwa ndani ya sekunde chache. Aliyedunga asiwe ndiye anayechota. Na kwa ujazo mdogo hivi, ncha ya kipimajoto ikining'inia juu ya kioevu inasoma mvuke: kinaonyesha 225, ndani ni 250.

Mng'ao mpana ni habari nyingine. Uzuri wa njia hii uko katika sekunde ya kwanza: seleniamu inaingia yote, mbegu zote zinazaliwa pamoja, joto linashuka kidogo na uzazi unakoma; kuanzia hapo ni kukua tu, na watoto wa siku moja hukua sawa. Ukidunga polepole, mbegu zinazaliwa kwa zamu na utakuwa na vimo vyote kwenye chupa moja. Hata punje za seleniamu ambazo hazijayeyuka hufanya hivyohivyo, zinajilisha taratibu. Trioktilifosfini iliyokaa na hewa hushika oksijeni na kushindwa kuyeyusha seleniamu, kwa hiyo fungua chupa, chota, jaza argoni, funga. Argoni ya wachomeleaji inafaa, mradi ni ile tupu ya kuchomelea alumini, si ile iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Joto likishuka baada ya kudunga, msikimbilie kuongeza moto.

Kusafisha: ongeza asetoni mpaka ukungu utokee, zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika 5, mwaga, yeyusha kwa heksani. Methanoli peke yake haichanganyikani na oktadesini, itawapa tabaka mbili na mtafikiri mmeharibu. Rudieni mara moja, si zaidi. Kila mzunguko unang'oa asidi oleiki kutoka usoni, na pale ilipong'oka elektroni hunaswa badala ya kutoa mwanga. Oktadesini au asidi oleiki ikiganda kwenye friji haijaharibika, iacheni mezani.

Chembe hizi tupu, zisizo na ganda, hung'aa kwa unyonge na hufifia kwenye kichupa baada ya siku kadhaa. Ganda la zinki salfaidi ndilo dawa: mwaka 1996 lilipandisha ufanisi wa mng'ao hadi asilimia 50. Ila fuwele za zinki salfaidi ni ndogo kwa takriban asilimia 12 kuliko za kadimiamu selenaidi, hivyo ganda nene hupasuka kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta wenye unyevu. Wanaotaka ganda nene hupitia kwanza kadimiamu salfaidi, ambayo tofauti yake ni asilimia 4 hivi.

Bila kabati la kufyonza mvuke linalofanya kazi kweli, msilifanye zoezi hili. Kadimiamu husababisha saratani, na vumbi la oksaidi wakati wa kupima ndilo baya kuliko yote.

Swali (mwanafunzi wa fizikia, Zanzibar): Nimetumia fomula ya Brus, inayokadiria pengo la nishati kutokana na ukubwa wa chembe, kwa chembe ya kadimiamu selenaidi ya nanomita 4. Nimepata elektronivolti (eV) 2.55, sawa na nanomita 486. Vipimo vya maabara vinasema 585. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Tumerudia hesabu kwa nusukipenyo cha nanomita 2, uzito wa elektroni 0.13 na wa tundu (nafasi inayoachwa na elektroni) 0.45, ukilinganishwa na elektroni huru: pengo la kawaida 1.74, mbano 0.93, toa mvutano wa umeme 0.12. Ni 2.55. Fomula ndiyo inayokosea. Inadhani ukuta wa chembe hauvukiki kabisa, wakati wimbi la elektroni huchungulia nje kidogo, na inadhani uzito wa elektroni haubadiliki nishati inapopanda. Makosa yote mawili husukuma jibu juu, na chembe inavyokuwa ndogo yanazidi.

Kwa kazi ya kila siku tumia mlima wa kwanza kwenye grafu ya spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaomezwa: nanomita 500 ni chembe ya 2.3, 550 ni 3.0, 585 ni 4.0, 600 ni 4.6. Soma mlima wa kumeza mwanga, si wa kutoa. Wa kutoa huwa mbele kwa nanomita 10 hadi 20.

Swali (mwanafunzi wa uzamivu, Ujerumani): Natengeneza LED ya nukta nyekundu: ITO (elektrodi angavu), PEDOT:PSS na TFB (plastiki zinazopitisha chaji chanya, yaani matundu), nukta, zinki oksaidi, alumini. Inawaka kwa volti 6, hafifu, na kuna buluu imechanganyika. Nukta zangu ziko kwenye toluini na zinki oksaidi kwenye klorofomu.

Jibu: Umejibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Toluini inayeyusha TFB, na klorofomu inayeyusha nukta. Kila tabaka unalomwaga linakula lililo chini yake, na kifaa chako kimekuwa mseto. Buluu ile ni TFB inayong'aa kwa sababu elektroni zimevuka tabaka la nukta lenye vitobo. Kiyeyushi cha kila tabaka lazima kiwe mgeni kwa la chini yake: TFB kwenye klorobenzini, miligramu 8 kwa mililita, iokwe nyuzi 150 kwa dakika 30 ndani ya naitrojeni, nukta kwenye oktani, miligramu 15 hadi 20, zinki oksaidi kwenye ethanoli, 30 hivi. Ile njia ya klorofomu tuliyompa msomaji wa Nairobi inafaa kwa seli za jua, kwako haifai.

Tabaka la nukta lisizidi nanomita 20 hadi 30, maana ligandi, yaani molekuli zinazozizunguka, ni vihami. Nyekundu iliyotengenezwa vizuri huanza kuwaka karibu na volti 2. Kabla ya kumwaga nukta mpya, pima mkondo kwa volti hasi: ukiwa karibu sawa na ule wa volti chanya, una shoti, na mara nyingi ni vumbi kwenye ITO au alumini iliyoteleza ukingoni.

Ukishayarekebisha hayo utakutana na tatizo la pili: zinki oksaidi huleta elektroni haraka kuliko TFB inavyoleta matundu, elektroni zinarundikana na kuiba nishati kabla ya mwanga kutoka. Mwaka 2014 watafiti wa China waliweka utando mwembamba wa PMMA, plastiki isiyopitisha umeme, kati ya nukta na zinki oksaidi ili kuzichelewesha, wakafika asilimia 20.5 ya ufanisi wa nje, yaani chembe za mwanga zinazotoka kwa kila elektroni 100 zinazoingia. Unene wake ni nanomita chache tu. Ukizidi, taa inakataa kuwaka.

Swali (msomaji, Kigali): Kwa nini watu wahangaike na nukta za risasi salfaidi kwa kamera za infraredi wakati silikoni ipo?

Jibu: Silikoni ni kipofu kuanzia nanomita 1,100 hivi. Risasi salfaidi ina pengo la 0.41 eV tu, na ikikatwa vipande vya nanomita 3 hadi 6 unaweza kuichagulia mwisho wake wa kuona, mathalani 1,400. Tena inamwagwa kama rangi juu ya saketi iliyokwisha tengenezwa. Ugumu ni asidi oleiki inayozizunguka, yenye kaboni 18: lazima ibadilishwe na kitu kifupi kama ethanidithioli au ayodaidi, tabaka moja baada ya jingine, vinginevyo umeme haupiti. Ukibadilisha tabaka nene kwa mkupuo mmoja, linasinyaa na kupasuka kama tope la kiangazi.

Swali (fundi sanifu wa maabara, Dar es Salaam): Mabaki ya kadimiamu tunamwaga wapi?

Jibu: Hapana pa kumwaga. Kusanya kila kitu, hata heksani ya kuoshea vyombo na glovu zilizochafuka, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na maandishi "taka za kadimiamu" na tarehe. Usiichanganye na taka za klorofomu, usiweke asidi ndani yake: selenaidi ikikutana na asidi hutoa haidrojeni selenaidi, gesi yenye sumu kali. Chupa ikijaa robo tatu, mpe mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Zoezi zima la wanafunzi tulilolieleza hutumia miligramu 13 za oksaidi, kwa hiyo chupa ya lita 2 itakaa nanyi muda mrefu kama hamuoshi vyombo kwa heksani kama mnaoshea maji.